Maneno Yanayochanganywa ya Kiingereza, na Milango Yanamopitia

Hotuba ya mmoja wa wanafunzi wa zamani, iliyosomwa katika mkutano wa mwaka wa Chama chetu.



Nimeambiwa nizungumze kwa dakika ishirini na nisizidishe, nami nitatii, maana najua pilau imekwisha kuiva, na hakuna msemaji aliyewahi kuishinda harufu ya pilau. (Vicheko.)

Mada yangu ni maneno ya Kiingereza yanayofanana, au yanayokaribiana, hata watu wakayachanganya. Huenda wengine wenu mkaona ni jambo dogo, la kujibia mtihani tu. La hasha. Nimefanya kazi ya ukarani, na baadaye ukalimani, kwa miaka mingi. Nimeona watu wakipoteza mali kwa sababu ya neno moja. Nimeona pia vijana wenye akili nzuri wakikaa kimya darasani miaka minne, kisa waliwahi kukosea neno wakachekwa. Wahenga walisema, heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Ni kweli, lakini anayeogopa kujikwaa hata asitembee, huyo hafiki popote.

Jambo ninalotaka mtoke nalo leo ni hili: makosa haya hayaji ovyo. Yana milango yake, na milango mikubwa ni mitatu: sikio, maana, na tahajia. Ukijua kosa limeingia kwa mlango upi, dawa yake utaipata upesi. Tena sehemu kubwa ya dawa hiyo imo katika Kiswahili chetu wenyewe.

Mlango wa kwanza ni sikio.

Wengi wetu tumekulia katika lugha za nyumbani ambazo hazitenganishi sauti ya "l" na ya "r". Basi mwalimu akimwambia kiongozi wa darasa, "Collect the books," kijana anasikia "Correct the books," anaketi kusahihisha madaftari ya wenzake kwa kalamu nyekundu, na mwalimu ofisini anangoja hadi kengele inalia. (Vicheko.) "Collect" ni kukusanya, "correct" ni kusahihisha. "Pray" ni kusali, "play" ni kucheza. "Rice" ni wali, na "lice" ni chawa. Hilo usilikosee ukiwa mgeni mezani kwa watu.

Dawa yake haianzi na Kiingereza. Kiswahili nacho kinatenganisha sauti hizo. Kura si kula, ingawa wako wanaodhani vinakwenda pamoja. Mahari si mahali. Mwenye kuchanganya "l" na "r" katika Kiingereza, aghalabu huzichanganya katika Kiswahili pia. Na asome Kiswahili kwa sauti, dakika tano kila jioni, ulimi utazoea. Kisha ahamie Kiingereza.

Irabu ni shida nyingine. Kiswahili kina irabu tano, nazo ni waaminifu: "a" ni "a" siku zote. Kiingereza cha kusini mwa Uingereza kina sauti za irabu zipatazo 20, nazo zimebanwa katika herufi zile zile tano. Chukua maneno "hat", "hut", "heart" na "hurt". La kwanza ni kofia, la pili ni kibanda, la tatu ni moyo, la nne ni kuumiza. Ukiyatamka yote kwa "a" moja ya Kiswahili, Mwingereza hajui kama umevaa, umelala, umependa au umejeruhiwa. Kadhalika "leave" na "live". Karani akimwambia bosi wake kwamba anataka ku-"live" saa kumi, bosi atashangaa alikuwa nani tangu asubuhi. "Leave", yaani kuondoka, irabu yake huvutwa, kama katika neno letu "kiini". "Live", yaani kuishi, irabu yake ni fupi na legevu, ipo katikati ya "i" na "e" zetu. Vivyo hivyo "sheep" na "ship", kondoo na meli. Hapa Kiswahili hakitusaidii sana. Hapana budi kusikiliza wenye kusema vizuri na kuwafuatisha.

Mlango wa pili ni maana.

Huu ndio mlango mpana kuliko yote, wala hauhusu matamshi. Kosa huingia pale Kiswahili kinapokuwa na neno moja na Kiingereza kina mawili. Mfano mkubwa ni "kuazima". Sisi husema, "Niazime kalamu," na pia, "Nimeazima kalamu kwa Juma." Neno ni moja, mtoaji na mpokeaji wote wanalitumia. Kiingereza hakikubali. Mpokeaji hu-"borrow", mtoaji hu-"lend". Anayesema "Borrow me your pen" amegeuza mambo juu chini. Sasa tazameni: katika fedha Kiswahili kimekwisha kutenganisha. Kukopa na kukopesha! Kukopa ni "borrow", kukopesha ni "lend". Ukikwama, weka fedha mahali pa kalamu, na jibu litakuja lenyewe.

Angalieni hiyo "-sha" mwishoni. Ni ufunguo wa makufuli mengi. Kukumbuka ni "remember", kukumbusha ni "remind". Kwa hiyo usimwambie mtu "Remember me to post the letter". Huko ni kumtuma akupelekee salamu. Kujifunza ni "learn", kufundisha ni "teach". Mwalimu hawezi kuku-"learn" hesabu. Yote hayo Kiswahili kinayatofautisha barabara, nasi hatuna udhuru.

Yako maneno mengine yanayotaka uangalifu zaidi. Mtu aliyeibiwa hufika kituoni na kusema, "They stole me." Kwa Kiswahili, "wameniibia" ni sahihi kabisa. Kwa Kiingereza amesema kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyechukuliwa, na askari angeuliza amerudije. "Steal" hufuatwa na kitu kilichoibwa. "Rob" hufuatwa na mtu au mahali palipoibiwa. Kadhalika "kushinda". Timu yetu ikiwashinda jirani zetu mabao mawili kwa moja, usiandike kwamba "we won them". "Win" hufuatwa na mchezo au kikombe. "Beat" hufuatwa na mpinzani. Tulishinda mchezo, "we won the match". Tuliwashinda wao, "we beat them".

"Bado" nalo lina pande mbili. Mtu akiulizwa kwa Kiingereza kama amekula, naye akajibu "Still", ameacha swali likining'inia. "Bado sijala" ni "not yet". "Bado ninakula" ni "still". Mguu wetu mmoja kwao ni "leg" na "foot". Mkono wetu ni "arm" na "hand". Kijana akimwambia daktari asiyejua Kiswahili kwamba "hand" inamuuma, na kumbe maumivu yako karibu na bega, daktari atachunguza vidole. Na sisi tunasikia sauti, tunasikia harufu, tunasikia njaa na baridi. Mwingereza hu-"hear" sauti tu, harufu hu-"smell", njaa na baridi hu-"feel".

Kwa hiyo kila mjifunzapo neno la Kiingereza, jiulizeni swali moja: neno letu linalolingana nalo lina pande ngapi? Likiwa na pande mbili, hapo pana shimo. Weka alama.

Mlango wa tatu ni tahajia.

Hapa, ndugu zangu, hata wenye lugha hujikwaa, tena sana. Kuna sababu. Kiingereza kimechanganyika kama Kiswahili kilivyochanganyika. Kilianza na maneno ya makabila ya Kijerumani yaliyovuka bahari; wakaja Wanormani mwaka 1066 na Kifaransa chao; wasomi wakaongeza Kilatini. Mwaka 1476 William Caxton alianzisha mtambo wa kupiga chapa huko Westminster, na tahajia ikaanza kuganda kidogo kidogo. Kamusi ya Samuel Johnson ya mwaka 1755 ikaiimarisha. Lakini matamshi hayakugoja, yaliendelea kubadilika. Ndiyo sababu leo maneno mawili yanaweza kusikika sawasawa na kuandikwa mbalimbali.

"Principal" na "principle" hutamkwa sawa. La kwanza ni mkuu, au kilicho kikuu. Katika mkopo ndilo jina la fedha yenyewe uliyokopa, mbali na riba. La pili ni kanuni au msimamo. Mkuu wa chuo huwa na "principles", lakini yeye mwenyewe ni "principal".

"Stationary" na "stationery" ni ndugu wa tumbo moja. Zamani huko Ulaya wachuuzi wengi walitembeza bidhaa, lakini wauza vitabu walikuwa na mahali maalumu pa kukaa, wakaitwa kwa jina lililotoka katika Kilatini lenye maana ya kusimama mahali. Hivyo muuzaji akawa "stationer", na bidhaa zake, karatasi na wino, zikawa "stationery". Ukikumbuka "er" ya muuzaji hutakosea. Lile lenye "a" ni kusimama tu, kama basi lililoharibika.

"Advice" na "advise", "practice" na "practise": kwa Kiingereza cha Uingereza, chenye "c" ni jina, chenye "s" ni kitendo. Ushauri ni "advice", kushauri ni "advise". Wamarekani wao huandika "practice" kwa yote mawili, kwa hiyo ukiliona katika vitabu vyao usiseme wamekosea. Ila katika karatasi moja chagua mtindo mmoja uufuate. "Affect" na "effect" vilevile: mara nyingi la kwanza ni kuathiri, la pili ni athari. Liko tendo "to effect", nalo maana yake ni kutekeleza, lakini hilo hukutana nalo zaidi katika barua za serikali na za mabenki.

Vijana wataniambia kwamba siku hizi simu na kompyuta husahihisha zenyewe. Husahihisha, ndiyo, na zimezidi kuwa hodari. Lakini mara nyingi mashine hukamata neno lisilokuwako. Ukiandika "principle" badala ya "principal", neno hilo lipo katika kamusi, na mashine inaweza kulipitisha bila kelele. Mlinzi wa mwisho ni wewe.

Sasa, Ndugu Mwenyekiti, nataka nieleze kwa nini nilisema kuna mali inayopotea.

Namjua mzee mmoja, mkulima, ambaye jirani yake alikwenda kukopa fedha. Akaletewa karatasi ya Kiingereza ili atie sahihi chini ya neno "surety". Mzee akamwita mwanawe aliyemaliza kidato cha nne amsomee. Kijana alijua "sure" maana yake ni hakika. Akamwambia baba yake, "Wanataka mtu mwenye hakika kwamba anamjua huyu." Mzee anamjua jirani yake tangu utoto, akatia sahihi bila wasiwasi. Kumbe "surety" ni mdhamini, yaani mtu atakayelipa deni mwenye deni akishindwa. Jirani akahama, na mzee akauza ng'ombe wawili. Neno lile la "hakika" ambalo kijana alilifikiria ni "certainty". Hakuwa mjinga kijana yule. Alikisia pale ambapo angeuliza.

Karatasi za namna hiyo zimejaa maneno pacha. Yako mengi yanayoishia na "or" au "er" na wenzake yanayoishia na "ee". "Employer" na "employee", "lessor" na "lessee". Hapa tena Kiswahili kinatusaidia: mwajiri na mwajiriwa. Ile "-wa" ya mwajiriwa ndiyo "ee" yao: mtu anayetendewa au anayepokea. "Lessor" ndiye mpangishaji, "lessee" ndiye mpangaji aliyepangishwa. Ukibadilisha nafasi hizo katika mkataba, umebadilisha mwenye nyumba.

Lipo pia neno "shall". Shuleni tunafundishwa kwamba ni alama ya wakati ujao. Lakini katika mkataba au sheria, kwa kawaida "shall" ni sharti, na "may" ni hiari. Anayesoma "the tenant shall repair the roof" akadhani ni utabiri kwamba siku moja mpangaji atatengeneza paa, atakumbushwa na hakimu kwamba ilikuwa lazima. Tangu mwaka 2021 sheria ya Tanzania imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, nalo ni jambo jema. Lakini sheria na mikataba mingi ya nyuma iliandikwa kwa Kiingereza, na lazima awepo mtu wa kuifasiri sawasawa.

Na msidhani tofauti ya hiari na sharti ni mchezo wa wanasheria. Toka nje ya Kiingereza kidogo, twende Ethiopia. Mwaka 1889 Mfalme Menelik wa Pili alitia sahihi na Italia mkataba wa Wuchale, wenye nakala mbili, ya Kiamhari na ya Kitaliano. Kifungu cha 17 kwa Kiamhari kilimpa Menelik hiari ya kuitumia serikali ya Italia katika mambo yake na mataifa mengine. Kwa Kitaliano kilimfunga afanye hivyo. Kwa nakala hiyo Italia ilidai kwamba Ethiopia iko chini ya himaya yake. Menelik alikataa, vita vikaja, na tarehe 1 Machi 1896 majeshi ya Italia yakashindwa huko Adwa. Vita vile vilikuwa na sababu nyingine pia, lakini ugomvi wenyewe uliandikwa katika kitenzi.

Niongeze maneno mawili ya kulinda uhai. Kwenye matangi ya mafuta huandikwa "inflammable". Wengi hudhani "in" hiyo ni ya kukanusha, kama katika "incorrect". Sivyo. Imetoka katika kitenzi "inflame", kuwasha. "Inflammable" na "flammable" maana yake ni moja: kinachoshika moto upesi. Hatari ya kuchanganya ilikuwa kubwa hata huko Marekani, ambako wataalamu wa kuzuia moto walianza katika miaka ya 1920 kuhimiza litumike "flammable" peke yake. Kisichoshika moto ni "non-flammable". La pili ni "hyper" na "hypo" katika vyeti vya hospitali. "Hyper" ni juu ya kiasi, "hypo" ni chini ya kiasi. Mgonjwa wa sukari mwenye "hyperglycaemia" sukari yake imepanda. Mwenye "hypoglycaemia" imeshuka. Dawa ya mmoja inaweza kumwua mwingine. Herufi mbili tu zimebadilika.

Kabla sijamaliza, nataka vijana wasitoke hapa wakidhani Kiingereza ni lugha pana na yetu ni nyembamba. Mpunga uko shambani, mchele uko ghalani, wali uko sahanini. Mwingereza anaita vyote "rice". Sisi tuna "pole" na tuna "samahani". Yeye ana "sorry". Ndiyo maana Mwafrika wa huku akimwona mgeni amejikwaa na kumwambia "Sorry", mgeni hujibu, "Si kosa lako." Sisi tunajua tunasema na mtu mmoja au wengi, "wewe" au "ninyi", yeye ana "you". Mwingereza anayejifunza Kiswahili hujikwaa pale pale ambapo lugha yake ina neno moja na yetu ina matatu. Basi kujikwaa si dalili ya upungufu wa akili. Ni dalili kwamba umefika mpakani, ambapo lugha mbili zimegawa ulimwengu kwa namna mbalimbali.

Kwenu vijana, nawaachia kazi tatu. Kwanza, kila mmoja awe na daftari dogo la maneno pacha. Msiandike maana tu. Andikeni sentensi mbili, moja kwa kila neno, tena sentensi za maisha yenu. Pili, kila pacha muandike mlango wake: sikio, maana, au tahajia. Tatu, mkipewa na wazee nyumbani karatasi ya kusoma, na neno hamlijui, msikisie. Semeni "sijui, nitauliza." Kuuliza si ujinga, na ng'ombe wa baba hawarudi wakishauzwa.

Kwenu walimu, nawaomba mwenye kukosea asahihishwe, asichekwe. Na kwetu sisi tuliotangulia: wengi wetu tumerudi vijijini na mitaani, na majirani wanatuletea barua na mikataba. Tusijifanye tunajua tusilolijua kwa sababu ya fahari ya kusoma shule hii. Tukae nao, tusome neno kwa neno, tuwaambie "hili ni lazima, hili ni hiari, hapa usitie sahihi kwanza." Shule hii ilitupa Kiingereza ili kiwe taa ya watu wetu, na taa huwekwa mahali panapopita watu.

Ndugu Mwenyekiti, nimekwisha. (Makofi.)